Kushoto kwa Kushoto

Wale wanaosema ukitaka kumjua mwenzi wako safiri naye, nadhani walikuwa wanazungumzia basi la Dar kwenda Arusha. Mle ndani kila mtu ana kiti chake, dereva ni mtu baki, na mkinuniana mnageukia dirishani mpaka Korogwe. Jaribuni kitu ambacho mnakiendesha wenyewe, wawili tu, kisicho na breki, ambacho hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kukigusa. Hapo ndipo utajua mumeo anavyosema "nimekusikia" wakati hajasikia hata neno.

Sisi tulipewa boti. Wifi yangu anaishi Birmingham, Uingereza, mwaka wa kumi na kitu sasa, na tulipofikisha miaka 8 ya ndoa akatulipia zawadi: siku nne kwenye mfereji, Juni 2024, sisi wawili tu. Mtoto tukamwacha kwa bibi yake Morogoro. Mimi nikajua ni ile ya kukaa, unaletewa juisi, unapigwa picha, jioni mnarudi hotelini. Kumbe ni ya kuendesha wenyewe, kupika wenyewe na kulala humo humo. Na usifikiri kuna mtihani. Ukikodi boti ya likizo kwenye mifereji ya kule hudaiwi leseni. Mnaelekezwa kama saa moja hivi, mnakabidhiwa ufunguo, kwaherini.

Nieleze kidogo, maana ukisikia mfereji unaweza kufikiria ule wa Jangwani. Hii ni mito ya kuchimbwa kwa mikono. Waingereza walianza kuichimba kwa kasi baada ya mfereji wa Bridgewater kufunguliwa mwaka 1761 kupeleka makaa ya mawe Manchester. Boti zilivutwa na farasi aliyetembea pembeni, na ile njia ya farasi bado ipo, siku hizi ni ya watu wa mazoezi na mbwa wao. Treni zikaja, malori yakaja, biashara ikafa, zikabaki boti za likizo na za watu walioamua kuishi majini. Taasisi ya Canal & River Trust, iliyokabidhiwa kazi hiyo mwaka 2012, inatunza kilomita zipatazo 3,200 za njia za maji huko England na Wales.

Wa kwetu uliitwa Llangollen. Tulichukua boti Ellesmere, upande wa England, tukaelekea Wales. Boti yenyewe urefu futi 45, upana hata futi 7 haufiki, kwa sababu malango ya kupandishia boti kwenye mifereji hii yalijengwa kwa upana huo huo. Ndani kuna jiko, bafu, kitanda na sehemu ya kukaa, vyote vimepangwa kimoja nyuma ya kingine kama behewa. Mkitaka kupishana ndani, mmoja lazima ageuke ubavu na kuvuta tumbo. Tulicheka sana siku ya kwanza. Siku ya pili tukaacha kucheka.

Mzee aliyetuelekeza alikuwa mpole, na alirudia kila jambo mara mbili, nadhani kwa uzoefu. Alituonyesha mti wa kuongozea nyuma ya boti, na mume wangu akaruka: "Hii si kana hii!" Babu yake alikuwa mvuvi Pangani, kwa hiyo hilo neno analo toka utotoni. Basi akajiona nahodha. Tatizo ni kwamba kana unaisukuma kinyume. Ukitaka omo iende kulia, unasukuma kana kushoto. Halafu boti haigeuki kama gari, ambalo mbele kunakwenda na nyuma kunafuata. Inazunguka kwenye kiuno chake. Omo ikienda kulia, tezi inakwenda kushoto. Yaani unapomkwepa mwenzako kwa mbele, makalio yako yanamfuata.

Sasa njooni kwenye kupishana, maana hapo ndipo penye kazi. Sheria ni moja, shika kulia, mpishane kushoto kwa kushoto. Kwa Mwingereza ni mtihani kwa sababu barabarani anaendesha kushoto, na sisi ndio walewale. Boti ya kwanza ilitutokea mbele nusu saa baada ya kuondoka. Ilikuwa mbali, ndogo kama kiberiti. Mume wangu, mtu wa adabu, akasema "tuwapishe," akasukuma kana, tukaenda kulia kabisa hadi majani yakaanza kukwaruza dirisha. Tukasikia chini mchanga unaguna. Boti ikainama kidogo, ikatulia. Tumepwelea.

Ile nyingine ikaja polepole katikati ya mfereji, pana, salama, nafasi yote ya dunia ni yao. Mama mmoja wa makamo ameshika kana kwa mkono mmoja, mwingine una kikombe. Akatuambia kwa upole kabisa kwamba tumepisha mapema mno. Akaendelea na chai yake.

Kujinasua kuna utaratibu. Usiongeze mwendo kwenda mbele, utazidi kujichimbia. Unarudi nyuma kule ulikotoka, na mwenzako anakwenda kusimama upande wenye kina ili boti iinuke upande wa pili, kisha anasukuma kwa upondo. Kila boti ina upondo juu ya paa. Kinachokatazwa kabisa ni kusukuma kwa mguu, maana tani kadhaa za chuma zikiamua kurudi ukingoni, mguu haulipi hiyo deni. Ilituchukua dakika 20. Nilisukuma upondo kama muuza mkaa wa Rufiji.

Jioni tulipofunga boti, jirani yetu, baba mmoja anayeishi humo na mkewe, alitueleza vizuri kuliko mzee wa asubuhi. Mfereji, alisema, chini yake ni kama bakuli. Kina kipo katikati, pembeni kuna matope. Kwa hiyo ukimwona mwenzako anakuja, kaa katikati. Naye atakaa katikati. Mtaangaliana uso kwa uso mpaka moyo uanze kudunda, na ni sawa udunde. Punguza mwendo mapema, lakini usitoe gia, kwa sababu bila maji yanayosukumwa na panga boya usukani haufanyi kazi. Unabaki umeshika fimbo. Mkishakaribiana, ndipo kila mmoja anasogea kulia kidogo tu, kiasi cha kutosha mwenzake aone kwamba umemwona. Maji mnayoyasukuma mbele yatazisukuma omo zenu zitengane. Halafu, mkiwa ubavu kwa ubavu, maji yale yale yatataka kuwavuta pamoja. Hapo wageni wengi hupaniki, wanasukuma kana kwa nguvu, na tezi inakwenda kumgonga mtu ambaye alikuwa anapita zake. Unatulia, unarekebisha kidogo kidogo, na mkimalizana unarudi katikati.

Mume wangu akaniangalia. Nami nikamwangalia. Nadhani wote wawili tulifikiria Mwanza.

Nilikuwa sijakuambia habari ya Mwanza. Tangu Machi ofisi yake ilikuwa imempa nafasi ya kwenda kuongoza tawi la Kanda ya Ziwa. Cheo, nyumba, mshahara wa kueleweka. Jibu lilitakiwa ifikapo mwisho wa Juni. Mimi kazi yangu iko Dar, gazeti halihaririwi kutoka Capri Point, na mtoto alikuwa ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza. Sasa wewe ungetegemea tumegombana? Wala. Miezi mitatu nyumba yetu ilikuwa na amani kama msikiti saa nne asubuhi. Nikimuuliza anaonaje, anasema, "Mimi nakusikiliza wewe, mama." Akiniuliza mimi, namjibu, "Baba, mimi nitafuata utakaloamua." Mashoga zangu waliniambia nina bahati kuwa na mume msikivu. Mashemeji walimwambia yeye ana mke mwenye heshima. Na kila mmoja wetu yuko kwenye majani upande wake, anamsubiri mwenzake apite. Hakuna aliyepita.

Ndoa nyingi ninazozijua, na kwa kazi hii barua za wasomaji nazisoma kweli kweli, watu wanaziogopa zile kelele. Mume bondia, mke mdomo. Ile nyingine haiandikiwi barua, kwa sababu mtu akianza kuandika anajikuta hana la kulalamikia. Ataandika nini? Kwamba mume wangu ananikubalia kila kitu na sijui anataka nini?

Siku ya pili tulifanya mazoezi. Nasema mazoezi kwa sababu tulihesabu: boti 11 zilitutokea mbele kabla ya chakula cha mchana, na tukawa tunabadilishana kana. Ya kwanza nilifumba jicho moja. Ya nne nilianza kusalimia. Kuna kitu kitamu sana kwenye ile dakika moja. Mtu usiyemjua anakuja moja kwa moja kwako kwa mwendo wa kutembea (sheria inasema mwisho maili 4 kwa saa, yaani kilomita 6 na ushee), unamwona uso, anakuona, anasogea, unasogea, mnasalimiana, "hali ya hewa nzuri leo," na mnaachana sentimita 50 baina yenu bila hata kugusana. Waingereza wale wale ambao kwenye treni hawakuangalii usoni!

Penye boti zilizofungwa kando unapunguza mwendo zaidi, unatambaa, kuanzia kabla ya boti ya kwanza mpaka baada ya ya mwisho. Siyo heshima tu. Boti yako ikipita kasi inavuta maji, na zile zilizofungwa zinavutwa nayo, kamba zinakazana, vigingi vinang'oka ardhini. Ndani kuna mtu anakaanga mayai. Tulijua maana yake usiku wa pili, alipopita kijana mmoja na marafiki zake, muziki juu, na chai yangu ikamwagika kwenye shuka. Kauli aliyoitoa mume wangu kutoka kitandani ilikuwa ya Kipangani safi na haichapishiki.

Zamani walipishanaje wakati kila boti ina farasi wake na kamba ndefu, na njia ya farasi ni moja? Mmoja alisimamisha farasi. Kamba ikalegea, ikazama majini, na boti ya mwenzake ikapita juu yake. Nilipenda sana hilo. Mtu anasimama kwa makusudi, na yule anayepita anajua kabisa kwamba huyu amesimama kwa ajili yangu.

Lakini tusidanganyane kwamba boti ni dawa ya ndoa. Mwandishi L. T. C. Rolt na mkewe Angela walihamia kwenye boti yao, Cressy, mwaka 1939, na kitabu alichoandika kuhusu safari yao, Narrow Boat, kilichotoka 1944, ndicho kilichowafanya Waingereza wengi waipende mifereji yao tena. Mwaka 1951 wakaachana, Angela akaenda zake kwenye sarakasi. Ndiyo, sarakasi, ya Billy Smart. Miaka zaidi ya 10 kwenye chumba cha futi saba, mimi simlaumu mtu.

Siku ya tatu asubuhi tulifika Pontcysyllte. Usijaribu kulitamka, hata mume wangu aliacha. Ni daraja, ila juu yake hapapiti gari, unapita mfereji. Wahandisi Thomas Telford na William Jessop walilimaliza mwaka 1805: beseni la chuma lenye urefu wa mita 307, limewekwa juu ya nguzo za mawe, mita 38 juu ya mto Dee. Tangu 2009 liko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Upande mmoja kuna njia ya miguu na uzio wake. Upande wa pili hakuna kitu. Ukingo wa beseni, kisha hewa. Ukisimama kwenye boti unaangalia chini unaona vilele vya miti, na ng'ombe kama karanga.

Pale hakuna kupishana. Ni boti moja tu kwa upana, kwa hiyo unatazama ng'ambo, ukiona mtu keshaingia unangoja, hata kama ni robo saa. Tulingoja wawili. Nikapika chai. Zamu yetu ilipofika mume wangu aliendesha bila kusema neno, na mimi nilikaa chini kabisa nikishika kikombe kwa mikono miwili.

Baada ya daraja unakata kushoto kwenda Llangollen, na hapo ndipo mfereji unapokuwa mwembamba kuliko kote. Umechongwa ubavuni mwa mlima, na kuna vipande ambavyo boti mbili haziwezi kupita. Kuna kona, miti, huoni mbele. Zaidi ya hapo maji yanakuja kinyume nawe, kwa sababu mfereji huu unachukua maji mto Dee, juu kidogo ya Llangollen, na kuyapeleka hadi bwawa la Hurleston, kwa hiyo boti inapanda kama mzee anayepanda ngazi. Utaratibu ni kwamba mmoja anashuka, anatangulia kwa miguu hadi mwisho wa kipande, akiona kweupe anampigia simu mwenzake aje. Akiona boti inakuja anaiomba ingoje, au anamwambia mwenzake angoje.

Nilishuka mimi. Kipande cha mwisho kabla ya mji ni kirefu. Nikatembea chini ya miti, simu sikioni, yeye nyuma yangu ameshika kana, hatuonani.

"Huko vipi?"

"Kweupe. Bado natembea. Subiri."

Akangoja. Nilisikia injini yake kwenye simu, tu-tu-tu-tu. Kisha akasema, bila kunipisha, "Mama, mimi Mwanza nataka kwenda."

Nilisimama. Baiskeli ikapita. Nikamwambia, "Na mimi kazi yangu siachi."

Kimya. Injini tu. Nakwambia kweli, moyo ulidunda kama ile boti ya kwanza. Miezi mitatu tulikuwa tunalala kitanda kimoja, na maneno hayo mawili yalihitaji mita 300 za mlima katikati yetu. Nikataka kuongeza, "lakini kama wewe unaona..." Ile sentensi naijua, iko mdomoni mwangu toka nizaliwe, mama yangu anayo, bibi yangu alikuwa nayo. Nikaimeza. Yeye naye nilimsikia anavuta pumzi ya kusema "basi tuache," na hakusema.

"Haya," akasema. "Sasa tumeonana."

Wakati huohuo ikatokea boti mbele yangu, kubwa, ya kijani, na babu wa Kiwelshi mwenye kofia. Nikampungia mikono yote miwili kama trafiki wa Ubungo, nikamwomba angoje kwenye upana, mume wangu anakuja. Akaitikia kwa kidole gumba, akapunguza mwendo, akasogea kulia kidogo. Nikamwambia mume wangu, "Njoo. Kuna mtu anakungoja, usichelewe." Akatokea kwenye kona taratibu, uso umekaza, katikati kabisa ya maji, akasogea kulia dakika ile ile iliyotakiwa. Wakasalimiana. Kushoto kwa kushoto. Babu akamwambia kitu ambacho mpaka leo mume wangu anadai kilikuwa sifa.

Usiku ule Llangollen tulibishana. Wala si kwa unong'ono, ingawa boti za jirani zilikuwa mita tatu. Nani atamchukua mtoto shuleni siku ninazofunga toleo. Nyumba ya Mwanza itakuwa na nani. Mama yake atasema nini, mama yangu atasema nini. Nauli ya ndege kila wiki mbili ni shilingi ngapi kwa mwaka, tukapiga hesabu nyuma ya karatasi ya duka la samaki. Nilisema maneno ambayo sikujua ninayo, na yeye akanijibu, na kila mmoja alibaki ameshika njia yake hadi ilipobidi kusogea. Nilisogea kwenye muda: mwaka mmoja nitavumilia. Alisogea kwenye nyumba: haji kuniuliza kila mwezi lini nahama. Tukalala saa nane. Asubuhi tukageuza boti kurudi, maji yakiwa nyuma yetu sasa, na kila kitu kilikwenda haraka.

Kama unafikiria kwenda, chukua viatu vya raba visivyoteleza, koti la mvua hata Juni, na unga wa ugali utoke nao mjini, maana vijijini hauuzwi. Na wapenzi wawili wanatosha kabisa kuendesha, ila kwenye malango ya maji (sisi tulikuwa na mawili tu, New Marton) utatamani ungekuja na shemeji.

Aliondoka kwenda Mwanza Septemba 2024. Mwaka ulipoisha akaomba miezi sita ya nyongeza. Nikasema mitatu. Tukabishana jikoni mpaka usiku wa manane, kwa simu, yeye Mwanza kwenye jiko lake na mimi kwenye langu, na mwanzoni mwa Desemba 2025 akarudi na masanduku mawili na kiroba cha dagaa ambacho nyumba bado inakinukia.